Nusu kilo ya nyama ya kusaga, watu sita mezani

Nyumbani tuko sita, na wanne kati yetu wako kwenye ule umri wa kula leo kama kesho haipo. Nyama ya vipande, hata ukiikata vidogo namna gani, huhesabika. Mtoto anatupia jicho sahani ya mwenzake, anahesabu, kisha kesi inaletwa kwangu. Nyama ya kusaga haihesabiki. Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya nianze kupika viazi vya kuoka kwa nyama ya kusaga. Habari ya kubana matumizi niliigundua baadaye, nilipoona nusu kilo inatutosha sote na kesho yake bado kuna kiporo.

Chakula chenyewe hakina siri. Ni tabaka la viazi chini, nyama iliyoungwa katikati, viazi tena juu, maziwa yanapenya kote, na vyote vinaokwa mpaka juu papate rangi. Kwa bakuli la kuokea la sentimita 20 kwa 30 natumia nyama nusu kilo, viazi kilo moja na robo kabla ya kumenya, vitunguu maji viwili vikubwa, karoti mbili, punje chache za kitunguu saumu, nyanya ya kopo kijiko kikubwa kimoja, na maziwa nusu lita. Viungo ni pilipili manga na kungumanga kidogo. Ukiangalia orodha hiyo utaona kwamba kitu cha gharama ni kimoja tu, na kazi yote inayofuata ni kukifanya kile kimoja kisikike kwenye kila tonge.

Kwa hiyo naanza na nyama, na naipa muda. Sinunui ile isiyo na mafuta kabisa. Yenye mafuta kiasi huwa rahisi zaidi, na mafuta yake nitayatumia mara mbili kabla sijamaliza. Kikaango kipana kinapata moto sawasawa, nyama inaingia bila tone la mafuta, naitandaza yote kwa mwiko kisha naiacha. Kuiacha ndiko kugumu. Mkono unawasha kutaka kukoroga, lakini ukikoroga mapema nyama inamwaga maji yake na kubaki inachemka ndani yake, rangi ya majivu.

Hapa masikio yanafaa kuliko macho. Mwanzoni kikaango kinalia kwa nguvu. Baada ya dakika mbili tatu sauti inashuka na kuwa ya kutokota, maana maji yametoka. Yakikaukia, mlio wa kukaanga unarudi, mkali na mkavu, na harufu inabadilika papo hapo. Maji yakiwa bado yamo, joto la kikaango haliwezi kupanda sana juu ya nyuzi 100 za Selsiasi, na ile rangi ya kahawia yenye utamu huhitaji kama nyuzi 140 kwenda juu. Ndiyo maana sigusi kitu mpaka niusikie mlio wa pili. Baada ya hapo nageuza, navunjavunja madonge, naacha upande mwingine nao uive.

Nimeona mapishi mengi yanayosema utandike nyama mbichi chini ya viazi na oveni imalize kazi. Inaiva, sikatai, lakini ladha haipo. Maji na mafuta yote hubaki humo humo, na viazi vya chini huogelea. Isitoshe, nyama ya kusaga si ya kufanyia utani. Kwenye kipande kizima vijidudu huwa zaidi juu ya ngozi ya nyama, ambako moto huwawahi. Ikisagwa, kilichokuwa nje kinachanganyika hadi ndani, kwa hiyo inatakiwa ifike nyuzi 71 hadi katikati, na pasibaki mahali palipo pekundu. Kuikaanga kwanza kunaniondolea wasiwasi huo kabla hata oveni haijawashwa.

Nyama ikishapata rangi naisogeza pembeni, nainamisha kikaango na kuchota mafuta yaliyojitenga. Vijiko viwili vikubwa naviweka kwenye kikombe, nitavitaka mwishoni. Yanayobaki yanatosha kukaangia vitunguu vilivyokatwa vidogo. Vitunguu vikilainika inafuata saumu, kisha karoti iliyokwaruzwa, kisha nyanya ya kopo. Nyanya naikaanga mpaka iwe nyekundu iliyokoza na ianze kushika chini, ndipo namimina nusu kikombe cha maji na kukwangua ule ukoko wote wa kikaango. Ladha ya nyama iko pale chini, na anayeosha kikaango bila kuukwangua ameosha nusu ya pesa yake. Rojo linatakiwa libaki zito. Ukipitisha mwiko katikati, njia inakaa wazi kidogo kabla ya kujifunga.

Karoti, kwa taarifa yako, haipo pale kwa ajili ya rangi. Ikikwaruzwa na kuiva pamoja na nyama inapotea kabisa, inaongeza wingi na utamu, na wale wasiokula mboga hawaigundui. Mwezi ukikaza, napunguza nyama hadi robo kilo na kujazia kikombe na nusu cha adesi za kahawia zilizokwisha kuchemshwa. Adesi nazikaanga pamoja na nyama, mwishoni, ili zinyonye rojo. Umbile lake linakaribiana sana na la nyama ya kusaga, na mpaka sasa hakuna aliyelalamika zaidi ya kuuliza mbona leo kuna pilipili manga nyingi.

Sasa viazi, ambavyo ndivyo wenye chakula. Kuna vya ungaunga, vinavyopasuka vikichemshwa, na kuna vinavyobaki vigumu na vyenye unyevu. Kwa kupanga tabaka napenda vya katikati. Kama vilivyopo ni vya ungaunga kabisa, navichemsha na kuviponda, naviweka juu tu, na tabaka la chini naliacha. Namenya, naondoa macho, na penye rangi ya kijani nakata kwa kina, maana rangi hiyo huenda sambamba na solanini, sumu ambayo haiondoki kwa kuchemsha. Kiazi kilichogeuka kijani karibu chote nakitupa, bila huruma. Kisha nakata vipande vya duara vyenye unene wa milimita tatu au nne. Unene wenyewe si muhimu kama kulingana. Kipande kinene kikikaa jirani na chembamba, kimoja kitavunjika huku kingine kikilia chini ya meno.

Nikishakata, siviloweki. Viazi vikilowekwa wanga wake unaishia kwenye beseni, na mimi wanga huo ninautaka. Zamani nilikuwa natengeneza sosi nyeupe ya siagi na unga wa ngano, ile inayohitaji sufuria nyingine na kukoroga bila kusimama. Nimeiacha. Siku hizi vipande vya viazi vinaingia moja kwa moja kwenye sufuria pamoja na nusu lita ya maziwa, kikombe kimoja cha maji, kijiko kidogo na nusu cha chumvi, pilipili manga na kungumanga. Moto wa wastani, kisha mdogo mara tu yanapoanza kuchemka. Nageuza kwa mwiko taratibu nikianzia chini, kwa sababu maziwa hushika na kuungua upesi. Baada ya dakika nane hadi kumi wanga umetoka na maziwa yamekuwa mazito kiasi cha kupakaa mgongoni mwa kijiko. Viazi vinapinda bila kukatika, lakini katikati bado ni vigumu. Sosi imejitengeneza yenyewe, bila siagi wala unga.

Onja maziwa hayo kabla ya kuendelea. Yanatakiwa yawe na chumvi kidogo zaidi ya unavyopenda, kwa kuwa viazi vitainyonya yote, na kiazi kilichopoa bila chumvi hakiungiki tena.

Kuna sababu nyingine ya kuvipa viazi nafasi ya kuiva kidogo kabla havijakutana na nyanya. Niliwahi kusikia kwamba nyanya huzuia viazi kuiva, nikadhani ni maneno ya jikoni tu. Nikabandika sufuria mbili ndogo, vipande vilevile, moto uleule: moja maji na chumvi, nyingine maji, chumvi na nyanya za kutosha. Vya kwanza vilipokuwa vinavunjika kwa uma, vya pili vilikuwa bado vinagonga. Uchachu ndio unaofanya hivyo. Pektini, ile gundi inayoshikilia chembechembe za kiazi, haiyeyuki kirahisi kwenye kitu kichachu. Ndiyo maana nyanya kwangu ni kijiko kimoja tu, inakaa kwenye nyama, na inakaangwa mpaka ikauke. Mtu anayemwaga kopo zima la nyanya juu ya viazi vibichi asishangae akila saa mbili baadaye.

Kupanga ni kwa haraka. Nusu ya viazi na maziwa yake chini, nyama yote juu yake ikisambazwa mpaka pembeni, kisha viazi vilivyobaki navipanga kimoja kikikalia kingine kidogo kama vigae vya paa. Maziwa yaliyobaki sufuriani yanamiminwa juu. Yale mafuta ya nyama niliyoyaweka kwenye kikombe sasa yanapata kazi. Naviringisha ndani yake vipande vya mkate uliokauka nilivyovisaga kwa mikono, na kuviweka kando.

Oveni nyuzi 190. Nusu saa ya kwanza bakuli limefunikwa kwa karatasi ya foili ili mvuke umalizie viazi. Halafu nafungua, nanyunyizia chenga za mkate, na kuacha dakika nyingine 20 hadi 25. Kipimo changu ni kisu chembamba. Kikishuka katikati hadi chini bila kukwama popote, kimeiva. Kikikwama, rudisha foili na uongeze dakika kumi, usiongeze moto.

Wengi watauliza jibini iko wapi. Jibini ni tamu, na kama ipo sikatazi kiganja kimoja katika dakika kumi za mwisho. Ila naona watu wanaifanya ndiyo chakula, wanafunika bakuli zima, na kinachotoka ni mafuta yanayoelea na nyama isiyosikika. Chenga za mkate zinavunjika mdomoni, zinabeba harufu ya nyama, na mkate huo ulikuwa unaelekea kutupwa. Asiye na oveni atumie sufuria nzito yenye kifuniko kinachobana, moto mdogo sana chini, na kama anapikia makaa apalie mengine juu ya kifuniko. Kwenye jiko la gesi juu hapatapata rangi, lakini utamu uko palepale.

Pakua baada ya robo saa, si kabla. Huu ndio wakati wa ugomvi kwetu.

“Mama, kinapoa!”

“Kiache kishikane.”

Kikitoka motoni maziwa bado ni majimaji na tabaka zinateleza, ukikata unapata rundo. Joto likishuka kidogo wanga unakaza na kipande kinatoka kizima, tabaka zote tatu zikionekana. Kuna ubishi ninaoshindana nao nyumbani na kuna ule ninaokubali yaishe, lakini huu sijawahi kushindwa.

Namna ile ya kuponda viazi, ambayo naitumia kwa viazi vya ungaunga, ina ndugu maarufu. Wafaransa huiita hachis Parmentier, kwa jina la Antoine-Augustin Parmentier, mfamasia aliyezaliwa 1737. Alitekwa na Waprussia katika Vita vya Miaka Saba, akalishwa viazi gerezani, na alipotoka akatumia miaka yake kuwashawishi wenzake kwamba kile walichokidharau kama chakula cha mifugo kinafaa kwa watu. Mapishi hayo kwa asili ni ya kutumia nyama iliyobaki, inakatwakatwa na kufichwa chini ya viazi. Nami nafanya hivyohivyo na kiporo cha mchuzi wa nyama, naichambua kutoka kwenye mifupa na kuikatakata, na siku hiyo nyama ya kusaga hainunuliwi kabisa.

Kinachobaki hakikai mezani zaidi ya saa mbili. Nakitoa kwenye bakuli la moto, nakiweka kwenye chombo kifupi ili kipoe haraka, kisha friji, na siku tatu au nne ndio mwisho wake. Kukipasha ni kwa kufunika na kijiko cha maziwa juu, mpaka mvuke utoke katikati na si pembeni tu. Kugandisha bakuli zima sikushauri, kwa sababu viazi vilivyokatwa vikiyeyuka hutoa maji na kuwa kama mchanga mdomoni. Ninachogandisha ni nyama peke yake. Nikipata kilo nzima kwa bei nzuri naikaanga yote siku hiyohiyo pamoja na vitunguu na karoti zake, nusu napika, nusu inapoa na kwenda kwenye friza. Nikitaka kuitumia naishusha friji usiku uliotangulia, na jioni inayofuata kazi inayobaki ni kumenya viazi.