Uso mweusi, kanzu nyeupe: pa kumweka mtu na namna ya kupima mwanga

Mzee wa kanzu nyeupe na kofia, ameketi barazani, jua la utosi. Karibu kila mwenye kamera anayefika Mji Mkongwe au Lamu huitaka picha hii. Nyingi hutoka na kasoro moja kati ya mbili: ama uso umezama ukawa doa jeusi lisilo na macho, ama uso unaonekana lakini kanzu imeungua, haina mshono wala mkunjo.

Kipimo cha mwanga ndani ya kamera huchukulia kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, kwa wastani, vinarudisha kama asilimia 18 ya mwanga, yaani kijivu cha kati. Kanzu safi hurudisha karibu asilimia 90. Ikijaa kwenye fremu, kamera hupunguza mwanga na uso hupotea. Ukisogea mpaka uso pekee ujaze fremu, mambo hugeuka: kamera huongeza mwanga kupita kiasi, na ngozi iliyokoza inatoka kama imepakwa majivu. Ubaya huu wa pili huniuma zaidi, maana wengi huusifu wakidhani uso "umeng'aa".

Kanzu na ngozi nyeusi zikiwa kwenye mwanga mmoja hupishana kwa takriban stopu 3 (kila stopu moja ni mwanga mara mbili au nusu yake), na kamera za leo hulimudu hilo bila taabu. Kinachoharibu ni jua la saa sita. Mwanga ukishuka wima, paji la uso hutupa kivuli machoni, na hapo tofauti huongezeka stopu nyingine kadhaa. Hakuna programu itakayolirekebisha vizuri. Mhamishe mtu.

Nyumba za mawe za pwani zimekuwekea studio tayari. Msalimie mzee, omba ruhusa, kisha mwombe aingie ndani ya mlango, nusu mita hadi mita moja kutoka kizingitini, akiangalia nje. Juu yake kuna dari, kwa hiyo mwanga wa wima umekatwa. Unaomfikia unatoka mbele, mpana kama mlango wenyewe. Ikiwa ukuta wa ng'ambo ya kichochoro umepakwa chokaa na unapigwa na jua, umepata kirudisha mwanga kikubwa kuliko chochote cha dukani. Ila angalia rangi yake. Ukuta wa kijani au turubai la buluu hutia rangi hiyo shavuni, na kwenye ngozi ya kahawia ni vigumu kuiondoa baadaye. Mgeuze kidogo, kama nyuzi 45, ili shavu moja lipate mwanga kuliko jingine. Usimrudishe ndani sana: akifika mita tatu, macho hupoteza ile nukta ya mwanga inayoyapa uhai.

Sasa pima. Weka kipimo cha nukta, kile kinachopima sehemu ndogo tu ya fremu, kielekeze kwenye shavu lenye mwanga, kisha punguza stopu 1 kwa ngozi nyeusi sana, au theluthi mbili kwa maji ya kunde iliyokoza. Kanzu itabaki chini kidogo tu ya kuungua. Washa onyo la kumetameta kwenye skrini, linalowaka pale picha ilipoungua, ulithibitishe. Anza na ISO 400 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), f/2.8 (upana wa tundu la lenzi), sekunde 1/250, lenzi ya milimita 50 au 85, na fokasi kwenye jicho lililo karibu nawe. Piga kwa RAW, faili ghafi la kamera. Kwa simu, bonyeza usoni na ushikilie mpaka ifunge, shusha alama ya jua kidogo, na uzime kabisa kile kichujio cha urembo, kwa sababu hufuta ngozi na umri wa mtu.

Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao. Mafuta kidogo ya nazi chini ya mwanga mpana wa mlangoni huchora mfupa wa shavu na mikunjo ya paji. Mafuta hayohayo chini ya flashi ya moja kwa moja hutoa madoa meupe, kwa sababu chanzo ni kidogo na kiko usawa wa lenzi. Basi flashi ibaki mkobani.

Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, alipiga picha nyingi uani kwa mwanga wa mchana. Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitandani kwake, na baadaye aliweza kukisia miaka ya picha zake kwa kuangalia pazia lililotumika. Tazama nyuso katika picha zile: nyeusi kweli, na kila kitu kinaonekana.

Kwenye kusafisha picha hali ilikuwa nyingine. Kwa miongo mingi maabara zilipanga rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo, na nyuso nyeusi zilitoka zilivyotoka. Mashine za leo hazitumii kadi hiyo, lakini nyingi bado hurekebisha mwanga zenyewe na kuupandisha uso ulioupima kwa uangalifu. Ukipeleka faili, mwambie fundi azime marekebisho hayo, na umwombe nakala moja ndogo ya majaribio. Iangalie nje mchana, si chini ya taa ya duka, kabla ya kulipia ile kubwa ya mzee.