Kumbukumbu ya mradi: safu ya kazi ya bure hatimaye imejazwa

Wiki ya 9, Kisumu. Darasa la ujasiriamali wa kijamii, mwaka wa 3, makundi 6 ya watu 6. Leo makundi yote 6 yameleta hesabu isiyodanganya ya bechi moja ya briketi, yaani makaa yanayofinyangwa kwa vumbi la makaa. Imechukua mihula mitatu, na shida muda wote huo ilikuwa safu moja ya jedwali, ile ya kazi isiyolipwa.

Hesabu jinsi ilivyokuwa ikiletwa: vumbi la makaa kilo 50 kwa Sh10 kilo (500), unga wa muhogo kilo 3 wa kupika uji wa kushikanisha (300), maji mitungi 2 (30), boda kutoka Kibuye (200). Jumla Sh1,030. Briketi zikikauka na zilizovunjika zikiondolewa, zinabaki kilo 48, yaani kama Sh21.50 kwa kilo. Zinauzwa Sh30. Kundi linaandika faida ya Sh410, makofi yanapigwa, na ripoti inasema mradi unajitegemea.

Mradi huo haujitegemei hata kidogo. Watu 6 wamefanya kazi saa 5 kila mmoja bila kulipwa. Ukichukua ujira wa kibarua wa Sh500 kwa siku ya saa 8, saa hizo 30 ni Sh1,875. Mashine ya mkono ya Sh12,000, ikihesabiwa kudumu bechi 300, inakula Sh40 kwa bechi. Uwanja wa kuanikia, siku 5 kwa Sh50, ni 250. Sasa jumla ni Sh3,195, na kilo moja inagharimu Sh66.56. Kila kilo inayouzwa Sh30 inaondoka na Sh36 za mtu mwingine. Hiyo ni ruzuku, ila imejificha.

Kulieleza jambo hili ubaoni hakusaidii. Kwenye mtihani wanalijibu vizuri sana, kisha wakirudi kwenye jedwali lao wanaacha safu tupu. Muhula uliofuata tuliweka kanuni: safu tupu, alama 5 zinakatwa. Wakaandika Sh50 kwa siku. Kanuni imefuatwa, uongo uko palepale.

Kilichofanya kazi ni sarafu. Makundi yanapangwa mawili mawili. Kundi A linaandika ujira wa siku wa mtu mmoja kwenye karatasi, linaikunja, linaikabidhi. Ndipo sarafu inarushwa. Upande mmoja, A wanaajiri B kwa ujira huo kufanya bechi yao. Upande mwingine, A ndio wanaokwenda kuwa vibarua wa B kwa ujira uleule. Alama zinafuata salio la mwisho. Ukiandika 50, unaweza kujikuta unachekecha vumbi siku nzima kwa 50. Ukiandika 1,500, unaweza kuwa ndiye unayelipa. Bila kuambiwa na mtu, makundi yote yaliandika kati ya 400 na 600.

Kuna mitego miwili. Karatasi lazima ikunjwe kabla ya sarafu kutoka mfukoni, la sivyo kuna anayebadilisha tarakimu. Pia, anayelipwa kwa siku huvuta kazi: bechi moja ilifika saa 37. Kulipa kwa kilo kungeimaliza hiyo, lakini saa zingejificha tena, na saa ndizo tunazozitafuta. Kwa hiyo mtu wa kundi la tatu anakaa na simu akiandika mwanzo na mwisho wa kila hatua. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna inayolingana nayo kwa faida. Mgawanyo wa zile saa 30 ukatoka hivi: kuchekecha saa 8, uji na kuchanganya 7, kukandamiza 11, kuanika na kugeuza 4.

Hapo mjadala ukabadilika wenyewe. Kwa bei ya Sh30, ukitoa gharama nyingine za 1,320 kwenye mauzo ya 1,440, inabaki 120, yaani kazi ya chini ya saa 2. Haiwezekani. Kwa wafugaji wanaolea vifaranga, wanaotaka moto wa polepole usiku kucha, tuchukue bei ya Sh50: inabaki 1,080, saa 17. Kushusha kazi kutoka saa 30 hadi 17 ni tatizo ambalo fundi anaweza kulishika mkononi.

Kuhusu vifaa. Ile turubai ya masanduku 9 (Business Model Canvas, karatasi moja ya kuchorea mpango wa biashara) inapendwa kwa sababu inajaa haraka. Sanduku la gharama linapokea chochote unachoweka na haliulizi ulichoacha. Jedwali la kompyuta kwenye simu ni balaa: kidole kikigusa vibaya fomula inafutika na jumla inabaki pale ikionekana nzima. Daftari la mistari na kalamu, basi. Mizani iwe ya kuning'iniza, na kupima kufanywe baada ya siku 5 za jua. Mvua za alasiri za hapa zikiingilia, ongeza siku, maana briketi mbichi inapima vizuri na inafuka moshi jikoni kwa mteja.

Mfano unaofaa kuwekwa karibu na safu hii ni shirika la KickStart, lililoanza 1991 kwa jina ApproTEC. Pampu zake za umwagiliaji za MoneyMaker huuzwa kwa mkulima, hazigawiwi, huku pesa za wafadhili zikilipia ubunifu na kulijenga soko. One Acre Fund, shirika la kukopesha wakulima pembejeo lililoanzia Bungoma 2006, nalo lina marejesho ya wakulima upande mmoja na wafadhili upande wa pili. Ruzuku si dhambi. Iandikwe tu, na mwenye kuitoa ajulikane.

Kundi moja limerudi na wazo la kutengeneza makaa kwa gugumaji, kama kila muhula. Zaidi ya asilimia 90 ya gugumaji ni maji: kilo 100 zilizovutwa ziwani Dunga hazifiki 10 zikikauka, na ukizichoma ziwe makaa unabaki na 2 au 3. Wapeni saa waandike, watajua wenyewe.

Wiki ya 10 ilikuwa iwe ya usajili wa miradi: kikundi cha kijamii chini ya sheria ya 2022, ushirika, au kampuni yenye dhamana. Imeahirishwa. Zile saa 8 za kuchekecha zimeteka darasa zima, na kuna mchoro wa pipa la wavu wa milimita 5 lenye mkono wa kuzungusha. Fundi wa jua kali wa Kondele anataka Sh4,500, nusu kwanza. Kwa bechi 300 ni Sh15 kila moja. Tumeshaiandika kwenye safu.