Estrojeni inasubiri, projesteroni haisubiri

Watu wakisikia mtu amepandikizwa mimba hufikiria ile siku mrija mwembamba unapoingizwa. Kwangu mimi siku hiyo ndiyo ilikuwa nyepesi kuliko zote. Nilikunywa maji mpaka kibofu kikajaa, nikalala, nikaona kwenye skrini kidoa cheupe kikiachwa ndani ya mji wa mimba, nikaambiwa nivae. Kazi ilikuwa kabla yake na baada yake, na kazi yenyewe ilikuwa dawa za homoni.

Viinitete vyetu, yaani mayai yangu yaliyorutubishwa maabara yakaanza kukua, vilikuwa vimegandishwa Dar es Salaam, na sisi makazi yetu ni Tanga, ninakofundisha shule ya msingi. Hedhi yangu huja inapotaka, maana mayai yangu hayapevuki kila mwezi. Hilo ndilo lililoamua njia ya kufuata. Mwanamke ambaye mzunguko wake unaeleweka anaweza kusubiri yai litoke lenyewe, na kiinitete kikawekwa kwa kuhesabu siku kuanzia hapo. Yai likishatoka, kifuko lilimokuwa hubaki kwenye ovari kikitengeneza projesteroni, homoni inayouandaa ukuta wa kizazi kupokea mimba na kuishikilia. Kwangu yai halitoki, kwa hiyo kifuko hicho hakipo. “Wenzako dawa hizi kwao ni kachumbari,” daktari aliniambia, “kwako wewe ndiyo ubwabwa wenyewe.” Nilicheka, lakini usiku ule nilikaa nikaliwaza vizuri. Maana yake nikisahau, hakuna kitu kingine mwilini kitakachoziba pengo.

Tulianza na estrojeni siku za mwanzo za hedhi: Progynova, kidonge cha miligramu 2 mara tatu kwa siku. Kabla ya kuniandikia aliniuliza kama nimewahi kuganda damu mguuni, kama ninaugua kipandauso, kama kuna mtu wa ukoo aliyepata kiharusi mapema. Maswali hayo usiyajibu kwa haraka, kwa sababu estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda. Kidonge cha asubuhi na cha usiku havikuwa na shida. Cha saa 8 mchana ndicho kilichokuwa kikinikuta katikati ya kipindi au ofisini na walimu wenzangu, na ofisi ya walimu unaijua. Niliwaambia ni vitamini, wakaacha.

Lengo la estrojeni ni kunenepesha ukuta. Wengi hutaka ufike angalau milimita 7 na uonekane una mistari mitatu kwenye ultrasaundi. Wa kwangu mara ya kwanza haukufika. Nilidhani safari imeishia hapo, nikaanza kuhesabu nauli na hela ya vipimo kichwani. Daktari hakuonekana hata kushtuka. Alisema tutaongeza siku, basi. Estrojeni inaweza kuvutwa hata wiki moja zaidi bila kuharibu kitu, kwa sababu saa ya kizazi bado haijaanza kuhesabu. Inaanza siku unapoingiza projesteroni. Kiinitete chetu kiligandishwa kikiwa cha siku ya tano, kwa hiyo kinatakiwa kikute ukuta uliokwisha kupata projesteroni kwa siku tano. Ukianza leo usiku badala ya leo asubuhi unatoa taarifa, maana watu wa maabara wanapanga kuyeyusha kiinitete kwa hesabu hiyohiyo. Kwa hiyo nilijipa ruhusa ya kuwa na wasiwasi kidogo wakati wa estrojeni, nikaweka akiba ya umakini kwa ajili ya projesteroni.

Niliandikiwa Cyclogest ya miligramu 400, asubuhi na jioni, ya kuweka ukeni. Inafanana na kipande kidogo cha mshumaa, na imetengenezwa kwa mafuta magumu yanayoyeyuka kwa joto la mwili. Tatizo ni kwamba Tanga mwezi wa pili, chumba cha bati kinalikaribia joto la mwili. Nilifungua pakiti nikakuta kimelegea kama sabuni iliyoachwa kwenye maji. Kuanzia hapo zikakaa kwenye mlango wa friji, ndani ya kopo la siagi lililooshwa, na umeme ukikatika mtu asifungue friji ovyo. Nilichagua saa 11 alfajiri na saa 11 jioni, kwa sababu saa hizo nipo nyumbani na ninaweza kulala chali kama nusu saa. Ukisimama mara moja, nusu yake unaiona kwenye nguo. Hata ukilala, mafuta yatatoka baadaye. Hayo ni mafuta ya dawa, dawa yenyewe imeshaingia. Nunua pedi nyembamba za kutosha na usitumie tamponi.

Siku moja kabla ya kupandikizwa walinipima projesteroni kwenye damu. Kliniki yetu hutaka ifike angalau nanogramu 10 kwa mililita. Yangu ilikuwa chini. Dozi sikuwa nimekosa hata moja. Miili haifyonzi sawa, na dawa ya ukeni huenda zaidi kwenye kizazi kuliko kwenye damu. Daktari hakuahirisha, aliongeza sindano ya projesteroni ya mafuta, miligramu 50, siku hiyohiyo, kisha kila siku ya tatu. Alinitajia utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2021 kwa wanawake waliopandikizwa viinitete vilivyogandishwa, kizazi kikiwa kimeandaliwa kwa dawa kama changu: waliotumia ya ukeni peke yake, mtoto alizaliwa kwa upandikizaji 27 hivi katika kila 100, waliochomwa sindano kila siku, 44, waliochanganya ya ukeni na sindano kila siku ya tatu, 46. Nikamwambia chomeni tu.

Sindano ile inauma, nisikudanganye. Nyumbani nilichomwa na nesi jirani yangu, kwa karatasi ya daktari mkononi. Aliniuliza kwanza kama karanga au ufuta vinanidhuru, kwa sababu mafuta yanayobeba dawa mara nyingi hutokana na mojawapo. Akaibana chupa kiganjani mpaka ikapata joto na mafuta yakawa mepesi, akavuta kwa sindano nene, akabadilisha, akachoma sehemu ya juu ya tako upande wa nje, polepole. “Dada, uzito wote weka mguu wa pili, huu uache ulegee.” Hiyo ndiyo siri. Kila mara tulibadilisha upande. Uvimbe mgumu hubaki, na kitambaa cha maji ya moto kinasaidia zaidi kuliko kuusugua kwa nguvu.

Siku ya kurudi Tanga basi lilichelewa. Saa 11 ilinikuta tumesimama Segera, dawa zikiwa ndani ya chupa ya chai yenye mdomo mpana niliyoipooza kwa barafu nikaifuta ikakauka. Choo cha pale nilikitazama nikakataa. Nikampigia nesi wa kliniki, akasema saa moja na kitu mbele au nyuma haina neno, weka ukifika, usiweke mbili kwa pamoja.

Kungoja majibu ndiko kunakosumbua akili. Projesteroni hujaza matiti, hufunga choo, hujaza tumbo gesi, hukulaza mchana kama mtoto. Zote ni dalili za mimba, na zote ni dalili za dawa. Na hedhi kutokuja hakuthibitishi chochote, kwa sababu dawa yenyewe inaweza kuizuia. Niliamua kutojichunguza, na dada yangu nikamkataza kuniuliza “unajisikiaje?” Shangazi wa mume wangu alileta chupa ya mizizi ya kusafisha kizazi. “Ahsante, shangazi,” nikaiweka juu ya kabati, na juu ya kabati ikabaki.

Kisha nikaona damu, rangi ya kahawia, kidogo tu. Mume wangu alisema basi tuache dawa, tusijitese. Hapo nashukuru kwamba daktari alikuwa ametuonya: matone yanaweza kuletwa na mlango wa kizazi uliochubuliwa na dawa, na hata kama si hivyo, ukikata projesteroni unaweza kuua mimba iliyopo. Dawa haikatwi kwa kuona damu, inakatwa kwa kipimo na kwa neno la daktari. Nilimpigia, nikaendelea saa zilezile. Kipimo cha damu kikatoka chanya, na kingine baada ya siku mbili kikaonyesha homoni ya mimba imepanda inavyotakiwa.

Nilidhani sasa nitapumzika na dawa. Wapi! Kondo la nyuma huanza kutengeneza projesteroni yake taratibu, na kwa mimba kama yangu kliniki nyingi huendelea na dawa mpaka wiki ya 10 au ya 12. Kwa hiyo bajeti ya dawa usiipigie siku ya kupandikizwa, ipigie miezi mitatu, na nunua mapema, maana duka moja la dawa likiishiwa unaweza kuzunguka mji mzima. Bima yangu haikulipa hata shilingi.

Jambo la mwisho nililoambiwa niliandike kwenye kadi ya kliniki ya wajawazito ni kwamba mimba hii ilipatikana kwa kupandikizwa kwa dawa, bila yai kutoka. Mimba za namna hii zina hatari kubwa zaidi ya presha na kifafa cha mimba, na inadhaniwa ni kwa sababu kile kifuko cha ovari hutoa na vitu vingine ambavyo vidonge havina. Niliandikiwa aspirini ya dozi ndogo, na kila hudhurio nilipimwa presha na mkojo hata foleni ilipokuwa ndefu. Nesi wa pale mara ya kwanza aliniuliza kwa nini ninang’ang’ania kupimwa mkojo wakati sijisikii vibaya. Nikamwonyesha kadi, akasoma, akanipa kikopo.