Tozo ya Shule Niliyoikataa, Kisha Nikaipigania: Uzoefu Wangu Ohio

Mara ya kwanza nilipopiga kura nikiwa raia wa Marekani, katika kitongoji kimoja nje ya mji wa Columbus, jimboni Ohio, nilikuta chini ya majina ya wagombea aya ndefu iliyouliza kama ninaiunga mkono au ninaipinga kodi ya nyongeza kwenye nyumba kwa ajili ya shule za wilaya yetu. Niliisoma mara mbili, nikakwama kwenye neno "mili" ambalo sikulijua, nikakumbuka jinsi mkopo wa nyumba ulivyokuwa umetubana, nikatia alama ya kupinga.

Tozo ile ilianguka. Mwaka uliofuata wilaya ya shule iliondoa mabasi ya wanafunzi wa sekondari, kwa sababu sheria ya Ohio inailazimisha kuwasafirisha watoto wa chekechea hadi darasa la nane tu, wale wanaokaa zaidi ya maili 2 kutoka shuleni. Mwanangu alikuwa ameingia darasa la tisa. Mimi na mama yake tulitoka kazini kwa zamu zisizolingana, kwa hiyo alitembea zaidi ya nusu saa kando ya barabara isiyo na njia ya miguu, na asubuhi moja ya Januari nilimkuta amerudi nyumbani, amekaa kwenye ngazi, anavua soksi zilizolowa maji ya theluji ili avae nyingine na kuondoka tena. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyeshindwa kusema neno, maana nilijua nilivyopiga kura.

Jioni hiyo nilitoa bili ya kodi ya majengo kwenye droo, nikakaa nayo mezani, na wiki iliyofuata nikaenda kwenye kikao cha wazi cha bodi ya shule kumwuliza mhazini maswali yangu. Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Ofisi ya mkaguzi wa kaunti inakadiria thamani ya nyumba, lakini kodi hutozwa kwenye asilimia 35 tu ya thamani hiyo, na mili 1 ni dola 1 kwa kila dola 1,000 za sehemu inayotozwa. Nyumba yetu ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola 200,000. Sehemu inayotozwa ni dola 70,000. Mili 1 kwetu ni dola 70 kwa mwaka. Tozo ya mili 6, kwa mfano, ingetugharimu dola 420 kwa mwaka, yaani dola 35 kwa mwezi, bila punguzo lolote, kwa kuwa tangu mwaka 2013 jimbo liliacha kuwachangia wenye nyumba sehemu ya tozo mpya kama lilivyokuwa likifanya kwa zile za zamani.

Jambo lililonigeuza hasa lilikuwa jingine. Kama wengi, niliamini kwamba shule zinazorudi kuomba kila baada ya miaka michache zimetumia fedha vibaya, na kwamba nyumba zikipanda thamani, nazo shule zinapata zaidi. Sivyo ilivyo. Sheria nambari 920 ya mwaka 1976 inasema kwamba thamani ya nyumba zilizopo ikipanda baada ya kukadiriwa upya, kiwango cha tozo iliyopigiwa kura kinashushwa ili nyumba hizo zichangie kiasi kilekile cha mwanzo. Tozo iliyoleta dola milioni 5 ilipopitishwa italeta takriban milioni 5 hizohizo miaka kumi baadaye, wakati mishahara ya walimu, dizeli ya mabasi na bima vyote vimepanda. Breki hiyo huachia pale tu viwango vya wilaya vinaposhuka hadi jumla ya mili 20, maana sheria hairuhusu vipunguzwe chini ya hapo. Kwa wilaya iliyo juu ya kiwango hicho, kurudi kwa wapigakura ni sehemu ya mfumo wenyewe ulivyojengwa, na hakuna mtu aliyewahi kunieleza hivyo.

Sisemi kwamba mfumo huu ni wa haki. Mili 1 katika wilaya ambayo mali yake inayotozwa ni dola bilioni 1 inaleta dola milioni 1, na mili hiyohiyo katika wilaya ya dola milioni 100 inaleta laki moja tu, ingawa mwenye nyumba anakamuliwa kwa kiwango kilekile. Kesi iliyoanzia Kaunti ya Perry, eneo la migodi ya makaa ya mawe, ilifika Mahakama ya Juu ya Ohio, na tarehe 24 Machi 1997 majaji 4 dhidi ya 3 waliamua kwamba utaratibu huu, kwa kuegemea mno kodi ya majengo, unavunja katiba ya jimbo. Mahakama ilirudia uamuzi huo mwaka 2000 na mwaka 2002. Bado tunapigia kura tozo. Mimi niliyesoma Tanga kwa michango ya madawati, na ninayejua kwamba kwetu kodi ya majengo inayokatwa kwenye umeme wa LUKU haiendi moja kwa moja kwenye shule ya mtaani, nilihitaji muda kuelewa kwamba hapa jirani yangu ndiye anayeamua kama mwanangu atapata basi.

Tozo iliporudishwa, safari hii ya mili 6, niliamua kupita kwa Waswahili wenzangu nikiwa na kalamu na karatasi tupu. Wapangaji waliniambia haiwahusu. Niliwaeleza kwamba kodi ya mwenye nyumba huishia ndani ya kodi ya pango, na kwamba mpangaji aliye raia ana kura sawa na mwenye nyumba. Wale ambao hawajapata uraia niliwaomba wawaeleze watu wao.

Nyumba niliyokaa muda mrefu zaidi ni ya mama mmoja aliyepita miaka 70.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na bakuli la shule?" Alinikaribisha chai kabla sijajibu. "Wanangu walimaliza zamani. Mimi naishi kwa pensheni. Hao watu walipewa juzi, leo wamerudi. Zile za kwanza wamezipeleka wapi?"

Nilimweleza sheria ya 1976 kama nilivyoweza. Alivaa miwani, akatoa bili kwenye bati la biskuti, tukapiga hesabu pamoja: nyumba ya dola 160,000, sehemu inayotozwa dola 56,000, mili 6 ni dola 336 kwa mwaka, dola 28 kwa mwezi. Alikaa kimya akiitazama ile 28. Kwangu dola 35 zilikuwa za kujibana. Kwake 28 zilikuwa dawa. Sikuona haki ya kumsukuma.

Nilipoipitia bili yake upya niliona kwamba hakuwa na punguzo la wenye nyumba waliofikisha miaka 65, ambalo hutolewa kwa wenye kipato kisichozidi kikomo kilichowekwa. Alikuwa chini ya kikomo, ila hakuwahi kuambiwa aombe. Niliacha habari ya tozo, tukajaza fomu, na Jumatatu nikampeleka ofisi ya mkaguzi wa kaunti kuiwasilisha.

Hakuniambia alivyopiga kura, nami sikumwuliza. Tozo ilipita kwa kura chache. Mabasi ya sekondari yalirudi Agosti iliyofuata, mwanangu akiwa darasa la kumi na moja, na bili yetu ilipokuja na nyongeza ya dola 210 kwa nusu mwaka, niliilipa siku ileile.