Mjomba na gurudumu la nyuma

Lala salama, Mjomba, fundi wetu wa baiskeli. Chini ya ule mti wa Kondele, Kisumu, imebaki pampu tu.

Atakayerithi kigoda chake ajue: baiskeli ya Black Mamba ina spoku (nyaya za gurudumu) 32 mbele na 40 nyuma, kwani mzigo hukalia nyuma. Rimu ikiyumba kushoto, kaza spoku za upande wa kulia, legeza za kushoto, robo mzunguko kila mara. Ukikaza moja kwa hasira, rimu inakuwa yai (na mteja anarudi kabla ya chai). Kiraka cha tyubu nacho: piga msasa, paka gundi, ngoja hadi isinate kidoleni. Kikibandikwa gundi ikiwa mbichi, jua la saa saba hukibandua. Mjomba alingoja. Mwenye haraka alipewa kigoda, akae.