Matuta ya kusi na matuta ya mchanga

Picha ya tabaka za chini ya bahari iliyopimwa kwa mwangwi wa sauti msimu wa kusi, kabla haijasahihishwa, utadhani kuna mtu kalima matuta ya viazi huko chini. Sakafu imejikunja, na kila tabaka chini yake limejikunja vilevile, hata mwamba. Mara nyingi kinachopanda na kushuka ni sisi tulio juu.

Sauti majini huenda kama mita 1,500 kwa sekunde. Wimbi likinyanyua chombo cha kupigia sauti pamoja na haidrofoni (kipokea sauti cha majini) kwa mita 1, mwangwi unachelewa milisekunde 1.3 hivi, maana njia imerefuka kwenda na kurudi. Ni kidogo, ila tabaka tunalolitafuta kwa ajili ya njia ya kebo huenda lina unene wa nusu mita tu.

Kihisi mwendo cha boti? Kipo, na kinasoma vizuri, lakini kinapima boti. Haidrofoni inaburutwa nyuma, na wimbi linaifikia kwa wakati wake. Kwa hiyo tunautumia mwangwi wa sakafu wenyewe: programu inaukamata katika kila mpigo wa sauti, inachora mstari wa wastani wa mipigo ya jirani, kisha inausogeza kila mpigo hadi ukae kwenye mstari huo. (Maji kupwa na kujaa ni hesabu nyingine kabisa, wakati wa bamvua pwani ya Dar tofauti huzidi mita 3.)

Ugomvi uko kwenye idadi ya hao jirani. Wastani wa mipigo michache mno unaacha mawimbi, wa mipigo mingi mno unafuta sakafu. Tena boti inatembea. Kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde, wimbi la sekunde 10 tukilipokea usoni linatufikia kila sekunde 9 hivi. Likitufuata, kila sekunde 11.5 hivi. Sielewi wanaotumia idadi moja ya jirani kwa mistari yote ambayo boti inapita ikipima.

Sasa piga hesabu: mita 2 kwa sekunde, mara kama sekunde 10, ni tuta moja la uongo pichani kila mita 20 hivi. Na mikondo nayo hujenga matuta ya mchanga ya ukubwa huohuo. Ukiyalainisha hayo, umemfutia mhandisi jambo alilolipia.

Dawa ninayoiamini ni kurudia mstari kwa kuelekea upande wa pili. Umbali kati ya matuta ya wimbi utabadilika, kutoka kama mita 18 hadi 23. Ya mchanga hayatasogea.

Juzi nikamwomba nahodha ageuze.

"Mwanangu, dizeli hiyo unalipa wewe?"

"Analipa mteja, mzee."

Akageuza huku ananung'unika. Upande wa kaskazini wa mstari matuta yalikuwa palepale, nikayaacha kama yalivyo. Upande wa kusini yote yalihama, nikayafuta bila wasiwasi.