Miezi mitatu na jeni za kinga
Leo nimetimiza miezi mitatu katika nafasi ya utafiti wa biolojia ya kompyuta, yaani kuchambua data ya kibiolojia kwa kompyuta, hapa Kampala, ambapo ninachunguza magonjwa yanayotokea pale kinga ya mwili inapougeukia mwili wenyewe, hasa baridi yabisi. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nikimfungia shangazi yangu vile vifungo viwili vya gomesi, kwa sababu asubuhi vidole vyake vilivyovimba havikuweza kuvishika, na ugonjwa huo sijawahi kuuona kama takwimu tupu.

Muda wangu mwingi umeishia kwenye kipande kifupi cha kromosomu ya 6 zilipo jeni za HLA, ambazo huziwezesha seli za kinga kutambua kilicho chetu na kilicho kigeni. Jeni hizo hutofautiana mno baina ya watu, na kwa kuwa tafiti nyingi zimewahusu watu wenye asili ya Ulaya, programu zilizoandaliwa kwa data yao huweza kukosea zinapokadiria aina za jeni hizo tulizo nazo sisi Waafrika. Ndiyo maana ninaithamini sana data ya Uganda iliyochapishwa mwaka 2019, yenye jenomu kamili, yaani mfuatano mzima wa DNA, za watu wapatao 2,000. Jumatatu naanza kulinganisha makadirio yetu nayo, mstari kwa mstari.